Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa: msitutume kwa wenye shida na bahasha za ahadi

Baba zetu maaskofu, wachungaji na mapadre. Wazee wa kanisa na wajumbe wa halmashauri za parokia,

Bwana Yesu asifiwe. Na kwenu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Anayewaandikia ni mama wa Kilutheri, mkazi wa Dar es Salaam, asiye na cheo chochote kanisani. Kazi yangu ni kwenda kukaa na watu. Aliyefiwa, aliyeachwa, aliyetoka hospitali, aliyepunguzwa kazini, anayeuguza mzazi asiyejitambua: kila mmoja hupewa mtu wake wa kumtembelea, na mtu huyo huyo hurudi wiki hadi wiki mpaka mwenyewe aseme sasa nimesimama. Hatulipwi, wala hatuombi kulipwa. Tuko wengi kuliko mnavyodhani. Wakatoliki wako kwenye jumuiya ndogo ndogo na WAWATA, chama cha wanawake wao, Waanglikana na Wamoravian kwenye vikundi vya akina mama, sisi kwenye umoja wa wanawake na jumuiya za mitaani. Haya nitakayosema nimeyasikia kwa wenzangu wa makanisa yote hayo, ndiyo maana sikuona sababu ya kumpelekea mchungaji wangu peke yake.

Ombi langu ni moja. Mnapotutuma kwa mtu mwenye shida, tutumeni kwa ajili yake tu. Kazi ya ofisi ipelekwe na mtu mwingine, siku nyingine.

Katika sharika nyingi mhudumu akikabidhiwa jina la mtu hukabidhiwa pamoja nalo bahasha za ahadi (za michango anayotakiwa kutoa), taarifa ya ujenzi, na agizo la "muulize kwa nini haonekani jumuiyani." Kwa hesabu za ofisi hiyo ni busara: kwa nini watumwe watu wawili wakati mmoja anaweza kumaliza yote kwa nauli moja? Lakini waulizeni hao wasioonekana. Wengi ninaowatembelea hawakuanza kwa kupoteza imani, walianza kwa kukosa mchango. Jumuiyani kuna mchango wa msiba, mchango wa harusi ya mtoto wa mzee, mchango wa paa, na zamu ya kuandaa chai ibada ikihamia kwako. Mtu aliyebanwa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, anayezima taa kila bodaboda inaposimama nje ya geti, hawezi kuketi mahali ambapo daftari la waliotoa na wasiotoa linasomwa kwa majina. Anaanza kukwepa. Mara ana mgeni, mara kichwa kinauma, mara kahamia ibada ya kwanza ili asikutane na watu. Sasa mtu wa kwanza kutoka kanisani kufika kwake anaingia na bahasha mkononi. Huyu atafunguka saa ngapi? Atasema hajambo, Mungu ni mwema, ataahidi kulipa mwisho wa mwezi, nasi tutaandika "ametembelewa."

Ninamjua mama mmoja kule Mbagala, na nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Ni mjane, na ndugu wa marehemu walikuwa wanaitaka nyumba. Siku za mwanzo hakuniambia kitu. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo, nikavuta kigoda nikachagua naye, tukaongea bei ya mafuta ya kula na maji ya bomba yasiyotoka. Tukaendelea hivyo hivyo. Siku alipoamua kusema, aliuliza kwanza: "Dada, hili linafika kwa wazee?" Hakuuliza kama nitamwombea, wala kama naijua sheria ya mirathi. Nikamjibu halifiki. Akachagua mchele kwa muda, akautikisa ungo, kisha akatoa yote kwa mkupuo, hadi la mwanaye wa kwanza ambalo shemeji zake hawakuwa wanalijua na ambalo mimi nitakufa nalo.

Nilimwahidi kitu ambacho hakuna waraka wowote wa kanisa unaonilinda nikitimize. Padre ana siri ya kitubio. Mchungaji ana ahadi aliyoitoa siku ya kubarikiwa kwake. Mimi nina nini? Mzee wa zamu akiniuliza mbele ya baraza, "Yule mama kwani ana tatizo gani hasa?", nikinyamaza naonekana mkaidi, nikisema nimemsaliti. Wenzangu wengine husema. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasiseme, na swali linatoka kwa mtu wanayemheshimu.

Kuna ofisi moja ya kanisa ninayoifahamu, sitaitaja, yenye daftari kubwa la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula. Safu zake ni jina, mtaa, namba ya simu, tatizo, kilichotolewa. Chini ya "tatizo", kwa kalamu ya bluu na mwandiko mzuri kabisa, utasoma "ndoa", "VVU", "mume mlevi", "binti kapata mimba", "anasema anataka kufa". Daftari hilo linakaa mezani wazi, pale pale watu wanapokuja kulipia mambo yao na kufuata vyeti vya ubatizo. Karani ni binti mpole asiye na ubaya na mtu, ndivyo alivyolikuta. Lakini yeyote anayesubiri stakabadhi na mwenye macho mazima anaondoka na habari za mtaa mzima. Na Jumapili, kwenye matangazo, baada ya ratiba ya kwaya na kabla ya mnada wa mbuzi, tunasikia: "Tumkumbuke kwa maombi dada yetu wa mtaa fulani anayepitia changamoto katika ndoa yake." Shingo zote zinageuka.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Sioni kwa nini kanisa linalotunza orodha ya wagonjwa wake lijione halihusiki. Ila nisiwatishe na sheria. Hata isingekuwepo, mtu aliyekuja kwenu kutafuta faraja asikute shida yake imeandikwa jirani na risiti za shamba la kanisa.

Mnalijua Matendo ya Mitume sura ya 6 kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahaulika katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakazuka, mitume wakakiri kazi imewazidi, wakachaguliwa saba. Kinachonigusa ni jinsi walivyokabidhiwa: waliwekewa mikono mbele ya watu wote, kazi ikatajwa wazi, na hakuna mahali panaposema waliagizwa kurudi kila jioni kueleza mjane yupi ana ugomvi na nani.

Stefano wa sura hiyo ndiye aliyeipa jina huduma iliyoanza mwaka 1975 mjini St. Louis, Marekani. Mchungaji wa Kilutheri, Kenneth Haugk, ambaye pia alisomea saikolojia, aliona wenye shida katika usharika wake wanazidi saa alizo nazo, akawafundisha washarika tisa. Leo kazi hiyo, Stephen Ministry, imo katika maelfu ya makanisa ya madhehebu mengi. Utaratibu wake ni mwepisi kuueleza. Mhudumu husoma kwanza, takriban saa 50, kabla ya kupewa mtu. Hukutana na mtu wake karibu saa moja kila wiki. Mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Mara mbili kwa mwezi wahudumu hukaa pamoja na kiongozi wao kusaidiana, na hapo mhudumu huzungumzia kazi yake mwenyewe, amekwama wapi, ameogopa nini, bila kutaja jina la anayemhudumia. Sisemi tununue mafunzo yao. Bei zake ni za dola na maisha yanayozungumzwa humo ni ya kwao. Nasema Walutheri wenzetu waligundua mapema kwamba siri ya mtu na usimamizi wa mhudumu vinaweza kukaa nyumba moja. Sisi tunaambiwa tuchague: ama tutoe taarifa, ama tuonekane hatusimamiwi.

Kuna kisa kingine, cha Uingereza. Mwaka 1935 kasisi kijana wa Kianglikana, Chad Varah, alimzika msichana aliyejiua baada ya kuanza hedhi. Msichana alidhani amepata ugonjwa wa aibu na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Mwaka 1953, akiwa kwenye kanisa la Mtakatifu Stefano Walbrook, London (Stefano tena!), Varah alifungua huduma ya simu na ushauri kwa watu wanaofikiria kujiua, huku yeye akiwa ndiye mshauri. Watu walikuja mpaka ikabidi wasubiri, na wakati wakisubiri walikaa na wajitoleaji wa kawaida waliowapa chai na kuwasikiliza. Varah akaona jambo: wengi wakishamaliza kuzungumza na wajitoleaji walisema hawana haja tena ya kumwona kasisi. Mwaka uliofuata akawakabidhi wajitoleaji kazi yenyewe ya kuzungumza na watu, yeye akabaki kuwachagua na kuwasimamia. Samaritans, kama wanavyojiita, si chama cha dini, lakini kiliota ndani ya kanisa kwa sababu mwenye kanisa hakuona haya kuwa watu wake walimzidi kwa jambo moja.

Najua kuna atakayesema hayo ni ya Wazungu, sisi tuna ukoo na jumuiya. Basi tukumbushane ya hapa hapa. PASADA, huduma ya kanisa kwa wenye virusi vya UKIMWI, ilianza mwaka 1992 katika Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ikitokana na watu wenyewe walioishi na virusi hivyo. Miaka ile, kabla dawa za kufubaza hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, makanisa yalikuwa na wahudumu wa majumbani. Walifundishwa, walikuwa na muuguzi wa kumuuliza, na walijua mambo mawili, kumgeuza mgonjwa kitandani na kunyamaza. Mtaa mzima ulimwona mama yule akiingia nyumba ile na ndoo yake. Kutoka mdomoni mwake hakuna aliyejua mle ndani kunaumwa nini. Fedha za miradi zilipopungua, sehemu nyingi kazi ile ilififia, na shule yake ya kunyamaza ikaondoka nayo. Wapo wazee wetu waliopitia kazi hiyo na bado wana nguvu. Waiteni watufundishe.

Na Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na mtu mmoja mmoja aliyelemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha waliozungumza na wale bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawana digrii. Wana mafunzo, na wana mtu wa kumpelekea lililowashinda.

Hapo ndipo penye hatari kwetu, naomba mnisome kwa makini. Mhudumu asiyefundishwa humjibu kila mtu kwa maneno mawili, "vumilia" na "omba". Mke aliyepigwa akaja na jicho limevimba, tunamwambia vumilia. Aliyefundishwa angejua kumsindikiza polisi kuchukua fomu ya PF3, kwenda hospitali, na kuuliza lilipo Dawati la Jinsia na Watoto. Maombi yangefanyika humo humo njiani, ndani ya daladala. Kwa anayetaka kujiua mambo ni magumu zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kwa hiyo familia huficha: "alikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya." Nasi tunasaidia kuficha, kwa sababu zipo sharika ambako aliyejiua huzikwa bila mchungaji kuonekana. Mtu anayefikiria kufa, akikumbuka alivyozikwa jirani yake, atamwambia nani kanisani? Wenzetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kuwa kifungu kama hicho kinapingana na katiba. TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki, na CCT, Jumuiya ya Kikristo Tanzania, mna sauti inayosikika Dodoma mkiitaka isikike. Hili nalitaja kwa ufupi ingawa linastahili barua yake.

Wazee watauliza, kwa haki kabisa: mkiachiwa siri, tutajuaje kama mnafanya kazi au mnakwenda kupiga soga? Na je, mhudumu mwenye nia mbaya? Jibu ni msimamizi. Kila kikundi kiwe na mtu mmoja, mchungaji au mlei aliyesomea ushauri nasaha, anayejua nani anamtembelea nani, basi. Anajua ziara zinafanyika. Yaliyozungumzwa hayajui, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini au mtoto anaumizwa. Hapo siri inakoma, na mhudumu amwambie mtu wake tangu siku ya kwanza kwamba itakoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamdai kila mmoja wetu atoe taarifa mtoto anapodhulumiwa, na kanisa lisiwe pango la kujificha. Mhudumu wa kike aende kwa mwanamke. Kuhusu nia mbaya, tusidanganyane: huduma za faragha za mtumishi wa kiume na mwanamke aliyechanganyikiwa zimeshatuletea aibu za kutosha, na hazikuwa zinafanywa na walei peke yao.

Hapa pia tuna upungufu wa wanaume. Jumuiyani kwetu wanaume huja Krismasi na misibani. Anayepoteza kazi akiwa na miaka hamsini hana wa kumtembelea, kwa sababu akina mama hatuwezi kwenda kukaa naye, na wazee wa kiume wanaona kukaa na mwenzako bila ajenda ni kupoteza muda. Baba askofu akisimama madhabahuni akasema yeye mwenyewe ana mtu anayezungumza naye, nadhani nusu ya kazi ya kuwapata wanaume itakuwa imekwisha.

Mhudumu naye ni mtu. Anarudi nyumbani saa mbili usiku na habari za kifo, kubakwa, saratani, anakuta watoto wanataka ugali na mume anauliza alikuwa wapi. Wenzangu wazuri kabisa wameacha, na wakiulizwa husema "majukumu." Mikutano miwili kwa mwezi ya kutua mzigo ingewabakiza.

Walimu wapo. Pale hospitali ya KCMC Moshi pamekuwa na mafunzo ya huduma ya kichungaji kwa wagonjwa kwa miaka mingi, na hospitali zetu za kanisa zina watu wa tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa mahututi, wanaofanya kazi na wajitoleaji majumbani. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, mliyoiunda pamoja Wakatoliki na Waprotestanti mwaka 1992, inaweza kuandika mwongozo mmoja mfupi wa Kiswahili, kurasa ishirini zinatosha, utakaotumika Bukoba hadi Mtwara. Uwe na kiapo cha siri na mipaka yake, ambacho mhudumu atakisoma mbele ya waumini kama wazee wanavyosoma chao. Gharama iliyobaki ni nauli, vocha ya simu na chai ya wahudumu. Ni pesa ndogo kuliko sare za kwaya, na nayasema haya nikiwa mwimbaji wa sauti ya pili.

Bajeti ya mwaka ujao ikifika mezani kwenu, iwekeni. Sisi tuko tayari kusoma Jumamosi, hata kwa nauli zetu. Lakini lile daftari lenye safu ya "tatizo" lisisubiri bajeti: mwambieni karani alifungie kabatini Jumatatu asubuhi, safu hiyo isijazwe tena, na bahasha za ahadi azipeleke mzee wa mtaa.

Ni mimi dada yenu katika Kristo,

Mhudumu wa kujitolea, Dar es Salaam